Udugu wa Dini Hujengwa Kazini

Kikundi cha vijana kikitaka kuitisha kazi ya pamoja katika kata ya Murungu, wilayani Kibondo, swali la kwanza kabla ya majembe na ndoo ni siku. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumamosi Wasabato hawashiki kazi. Jumapili ni ya Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste, na ibada ya Kipentekoste si ajabu ikafika alasiri. Zinabaki siku nne, na ndani ya hizo nne kuna ya gulio, tena kuna mashamba ambayo mvua zikishaanza hayamsubiri mtu. Mratibu asiyeijua hesabu hii huchagua Jumamosi, maana ndiyo siku tuliyozoeshwa na usafi wa mwisho wa mwezi, kisha hushangaa kwa nini kundi zima la watu halikuonekana. Ninaanza na jambo hili dogo kwa sababu ninaamini ndimo ulimo mzizi wa suala zima. Vijana wa dini mbalimbali katika nyanda za juu za Kigoma hujenga jamii moja pale wanapolazimika kupatana juu ya siku, chakula na fedha ya kazi ambayo wote wanaihitaji, na hupatana kweli pale tu kazi hiyo inapojirudia kwa muda mrefu mikononi mwa watu wale wale. Makongamano ya amani, kwa heshima zote, hayafiki hapo.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Tangu sensa ya 1967 serikali haimuulizi Mtanzania dini yake, kwa hiyo hakuna takwimu rasmi inayosema nani ni wengi Kibondo au Kasulu, na sioni hasara katika hilo. Historia inatosha kutueleza. Uislamu ulipanda kutoka Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Wamisionari Wakatoliki walijikita Kabanga, ambako hospitali yao bado inahudumia kila mtu. Waanglikana, kwa mkono wa wamisionari wa Australia, wana makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika pale Kasulu mjini. Wasabato walijenga Heri, ambayo siku hizi iko Buhigwe baada ya Kasulu kugawanywa mwaka 2012. Wapentekoste wa FPCT wana mizizi katika misheni ya Waswidi. Kila mmoja alikuja na shule, zahanati au hospitali yake, na kila mmoja akalea vijana wake. Matokeo yake Muha wa leo anaweza kuwa na shangazi Mkatoliki, mjomba Mwislamu na kaka aliyeokoka, wote wakikutana kwenye msiba mmoja bila mtu kuona ajabu.

Msibani ndipo wengi wetu tunapopataja tukiulizwa kuhusu amani ya dini, na ni haki. Kaburi huchimbwa na vijana waliopo, awe aliyefariki ni wa kanisa au wa msikiti. Lakini nje ya msiba, maisha ya kijana wa sekondari au aliyemaliza shule yamepangwa ndani ya mfereji wa dini yake. Shuleni kuna TYCS kwa Wakatoliki, UKWATA kwa Waprotestanti, CASFETA kwa Wapentekoste, TAMSYA kwa Waislamu. Mtaani kuna VIWAWA ya vijana Wakatoliki, kuna kwaya za vijana, kuna Watafuta Njia wa Kisabato, kuna madrasa. Hivi ni vyombo vizuri, vimewafundisha vijana wengi kuongoza kikao, kutunza daftari la michango na kusimama mbele za watu. Shida ni kwamba ustadi huo wote unatumika ndani. Juu, kwenye ngazi ya viongozi, zipo jumuiya na kamati ambamo shehe, askofu na mchungaji hukaa meza moja, na kukaa kwao kumesaidia taifa mara nyingi. Kijana huletwa pale ukumbini kusikiliza na kupiga makofi. Anaondoka akijua kwamba wazee wanaelewana, jambo ambalo alilijua tangu zamani, ila bado hajui namba ya simu ya kijana mwenzake wa dini nyingine anayeishi kitongoji cha pili.

Kwamba kukutana peke yake hakutoshi, ni jambo ambalo watafiti wamelichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kwamba watu wa makundi tofauti hupunguza chuki wakikutana katika hali fulani: wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia badala ya kushindana, na mamlaka wanazoziheshimu ziwe zimebariki. Nadharia hii ilirudiwa sana vitabuni, lakini majaribio ya hivi karibuni katika nchi zilizoumia kweli ndiyo yanayotufaa zaidi. Mji wa Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, umeshuhudia mauaji ya Wakristo na Waislamu zaidi ya mara moja tangu mwaka 2000. Huko Alexandra Scacco na Shana Warren waliwaingiza vijana wa kiume katika kozi ya kompyuta ya wiki 16, baadhi katika madarasa ya mchanganyiko na wengine katika madarasa ya dini moja, wakipangwa kwa bahati nasibu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018, maoni ya vijana kuhusu dini nyingine hayakubadilika sana. Matendo yalibadilika: walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliosoma kwa mchanganyiko walimbagua mtu wa dini nyingine kidogo kuliko waliosoma na wenzao wa dini yao peke yao.

Jaribio la pili ni la Iraki, na linatugusa zaidi kwa sababu lilihusu watu waliofukuzwa makwao. Salma Mousa aliandaa ligi za mpira kwa Wakristo waliokuwa wamekimbia wapiganaji wa ISIS. Timu nyingine zilibaki za Wakristo watupu, nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu. Utafiti huo uliotoka mwaka 2020 unaonyesha kwamba waliocheza na Waislamu walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena katika timu ya mchanganyiko, kumpigia kura Mwislamu kwa tuzo ya mchezaji muungwana, na miezi sita baadaye walikuwa bado wakifanya mazoezi pamoja nao. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo wema ule haukuvuka mstari wa uwanja. Wachezaji hao hao hawakuwa wepesi zaidi kwenda kwenye hafla ya mchanganyiko au kula katika mgahawa ulio katika mji wa Waislamu wengi. Nimeyasoma matokeo haya kama onyo na kama mwongozo. Kwanza, tusingoje mioyo ibadilike ndipo tufanye kazi, kwa maana mwenendo ndio hubadilika mapema. Pili, faida ya kufanya kazi pamoja hubaki kwa wale waliofanya kazi pamoja. Anayetaka kata nzima inufaike hana njia ya mkato: aongeze idadi ya wanaoshiriki, abadilishe makundi, aendelee msimu baada ya msimu. Bonanza la siku moja lenye fulana na mgeni rasmi halina nafasi ya kufanya hivyo, hata likiwa na nia njema kiasi gani.

Nchi hii imewahi kuwakutanisha vijana wake kwa kipimo kikubwa. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali, na mtoto wa Kiislamu kutoka Ujiji akalala bweni moja na mtoto wa katekista kutoka Kibondo. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, liliwalimisha na kuwakimbiza pamoja vijana wa kila dini hadi mafunzo ya lazima kwa wahitimu yalipositishwa mwaka 1994. Yalirejeshwa mwaka 2013, na mkoa wetu una vikosi, kikiwemo cha Kanembwa huko Kakonko na cha Mtabila, Kasulu, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi mwishoni mwa 2012. Ninaamini sehemu kubwa ya utulivu wa kizazi cha Watanzania walio na miaka sitini na zaidi ilijengwa huko. Lakini tusiitumie historia hiyo kukwepa kazi ya leo. Kulazimishwa kuliacha majeraha yake. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mwaka 1966 na mamia wakafukuzwa. Isitoshe, mafunzo ya sasa kwa mujibu wa sheria yanawalenga waliomaliza kidato cha sita, na vijana wengi wa Murungu, Mabamba au Rusohoko huishia darasa la saba au kidato cha nne. Kijana huyo hana bweni wala kikosi. Ana kijiji chake, na kwa sababu hiyo kazi ya pamoja lazima imfuate kijijini.

Kijijini nako msingi upo. Sekondari za kata zilizoenea kuanzia 2006 zilisimama kwa nguvu za wananchi: tofali zilifyatuliwa wakati wa kiangazi, mawe yakasombwa, maboma yakainuliwa hadi kwenye lenta yakingoja bati za serikali. Hakuna aliyeulizwa dini. Ila kazi ile ilisimamiwa na mtendaji kwa orodha ya kaya, na kijana alikwenda kwa niaba ya baba yake. Ninachokitetea ni tofauti kidogo: kazi inayopangwa na vijana wenyewe, wakitokea katika vyombo vyao vya dini, kwa ratiba wanayokubaliana. Hapo ndipo yale mambo madogo niliyoanza nayo yanapogeuka kuwa shule. Chukua chakula. Zamani kualika watu shambani kuliendana na mtungi wa pombe. Leo Mwislamu, Msabato na Mpentekoste wote hawanywi, kwa hiyo namna ile ya zamani ya kushukuru kazi inawaacha nje wengi wa wanaoshiriki. Inabidi kupika. Wakipika nyama, nani achinje? Kwa desturi ya sehemu kubwa ya Tanzania huchinja Mwislamu ili wote wale, lakini wapo Wakristo ambao siku hizi wanalikataa hilo kwa hoja ya imani yao. Nguruwe haliwi na Mwislamu wala Msabato, na mara nyingi vijana wa pande hizo mbili hugundua mara ya kwanza kwamba wanalingana katika jambo hili. Vijana waliokaa jioni nzima wakapatana kwamba watakula ugali na maharage, au kwamba kuku watachinjwa na fulani na asiyetaka atapikiwa dagaa, wamefanya mazungumzo ya dini yenye maana kuliko mada kumi za ukumbini. Na watayarudia wiki ijayo wakiwa wamezoeana.

Kuna atakayesema haya yote ni kutafuta tatizo pasipo tatizo, kwamba Watanzania tunaishi vizuri na Waha zaidi. Ningependa kukubali bila masharti, lakini miaka ya karibuni hainiruhusu. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia na makanisa kuchomwa moto. Februari 2013, Buseresere, katika mkoa jirani wa Geita, ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuchinja ulimuua mchungaji. Kesi zote mbili zilianza katika mambo ya ujirani wa kila siku, na zote mbili ziliwakuta viongozi wa kitaifa wakiwa na uhusiano mzuri tu. Kilichokosekana palepale mtaani ni watu wa dini mbili waliokwisha kuzoea kumaliza jambo gumu pamoja, ambao wangeweza kupigiana simu ndani ya saa ya kwanza. Tunaishi vizuri kwa kupishana kwa adabu, na adabu hiyo ni mali kubwa, ila haitupi watu wa kupigiana simu hizo.

Pingamizi la wachungaji na masheikh ni zito zaidi, na nalisikiliza kwa heshima. Wanahofu kwamba vijana wakichanganywa imani itapoa, au kwamba upande mmoja utatumia kazi kama mtego wa kuvuta waumini. Hofu ya pili ina msingi, maana huduma nyingi za jamii katika nchi yetu zilianza kama mlango wa kuongeza waumini. Jibu ni kanuni iliyo wazi, inayokubaliwa kabla ya siku ya kwanza: kazini hakuna mahubiri, hakuna sala ya pamoja inayomlazimu mtu kutamka asichokiamini, na muda wa swala unaheshimiwa kwenye ratiba. Kuhusu imani kupoa, naona kinyume chake kina uwezekano mkubwa zaidi. Kijana Mwislamu anayeulizwa kwa nini anajitolea kuchimba msingi wa kisima atalazimika kueleza sadaka jaria. Mkatoliki ataeleza matendo ya huruma. Mtu hujifunza sana dini yake anapolazimika kumweleza jirani asiyeifuata. Na wazazi wa mabinti, wa dini zote, wakiambiwa kazi itafanyika mchana, mahali panapojulikana, wakiwepo wanawake watu wazima, pingamizi lao hupungua nusu.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote halihusu dini kabisa. Kijana wa Kibondo anahitaji kipato, na kumwita tena kwenye kazi isiyo na ujira ni kumwongezea mzigo. Nchi ya Waha ina kumbukumbu chungu hapa. Wakati wa ukoloni Kigoma ilikuwa hazina ya vibarua, wanaume wakisafirishwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Kuanzia 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kwenda vijiji vipya, mara nyingi bila kuulizwa. Watu waliopitia hayo wana haki ya kulitazama kwa mashaka neno la kujitolea linapotamkwa na mtu mwenye gari. Ndiyo maana nasema kazi ya pamoja lazima iwaachie vijana wenyewe kitu mkononi, na njia ipo katika sheria tayari. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimama mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Jambo ambalo watu hawalitaji mara nyingi ni kwamba haina riba. VICOBA nyingi hukopeshana kwa riba, na kijana Mwislamu anayeshika dini yake hujikuta nje au hujiunga huku dhamiri ikimsuta. Mkopo wa halmashauri hauna kizuizi hicho. Kikundi cha mchanganyiko kinachofuga nyuki pembezoni mwa misitu ya Kibondo, au kinachofyatua tofali na kuziuza, kinaweza kutoa siku moja kwa mwezi kwa zahanati au nyumba ya mjane, na siku nyingine zote kikajipatia riziki. Kupeana fedha na kurudishiana kwa wakati hujenga imani kati ya watu haraka kuliko jambo jingine lolote ninalolijua. Kwa upande wa maofisa maendeleo ya jamii, wangeweza kuanza kwa kuvipa vikundi vya namna hii kipaumbele, bila kuwauliza wanachama dini zao kwenye fomu, kwa kuangalia tu kama wadhamini wao wanatoka katika nyumba za ibada tofauti.

Nimeacha kwa makusudi mpaka mwisho mgawanyiko ambao, kwa Kasulu na Kibondo, una kina kuliko wa Mkristo na Mwislamu. Ni wa mwenyeji na mkimbizi. Kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 Warundi walimiminika katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka, meli ya MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma mjini, na kambi ikafurika mpaka makanisa na madarasa yakawa malazi. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka huo huo, na Mtendeli ikafuata mwanzoni mwa 2016 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2021. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kwa miaka yote hii mwenyeji na mkimbizi wamekutana zaidi kwenye ugomvi wa kuni, sokoni na kwenye vizuizi vya barabarani. Ajabu ni kwamba watu hawa wana mambo mengi yanayowaunganisha. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kambini kuna Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Wasabato na Waislamu, madhehebu yale yale yaliyoko vijijini. Hapa, kwa hiyo, dini inaweza kuwa njia ya kuvuka ukuta ambao haukujengwa na dini, jambo ambalo wakazi wa Kasulu wanaliona kila Jumapili na kila Ijumaa.

Kazi inayofaa pande zote mbili inaonekana kwa macho: miti. Misitu kuzunguka kambi imekatwa kwa kuni za watu wengi kwa miaka mingi, na hasara ni ya mwenyeji atakayebaki hata mkimbizi akirejea kwao. Vijana wa kijiji na vijana wa kambi wanaweza kutunza kitalu kimoja na kupanda eneo moja lililokubaliwa, chini ya usimamizi wa Wizara ya Mambo ya Ndani na mashirika yaliyopo. Uamuzi si wa vijana peke yao, na kuna wakati serikali ina sababu zake za usalama. Hata hivyo barua ya maombi iliyosainiwa kwa pamoja na paroko, shehe wa wilaya, mchungaji wa Kianglikana na mzee wa kanisa la Wasabato si rahisi kuwekwa pembeni na mkuu wa kambi, kwa sababu inamwonyesha mapema nani atawajibika kama jambo likiharibika. Miche ya kupandwa mvua za Novemba inatakiwa iwe kwenye viriba ifikapo Julai, kwa hiyo barua hiyo iandikwe mapema, ikitaja siku za kazi zilizokwisha kukubaliwa na wote wanne.